Mistari Mitatu Kutoka Stoo

Jumatano, saa nne na dakika sita asubuhi, kompyuta zote za maabara na za wodi katika hospitali ile zilikata kauli kwa mpigo mmoja. Za uhasibu zilikuwa zinafanya kazi. Za masjala nazo hazikuwa na neno. Hata ile ya mlinzi wa geti, ambayo kazi yake kubwa ni kuonyesha mpira, ilikuwa inakwenda kama kawaida. Lakini kule wodi ya wazazi kulikuwa na mama aliyekuwa akivuja damu tangu alipojifungua, na maombi ya damu yake yalitumwa maabara kwa kompyuta na hayakufika. Wodi ilidhani maabara wanashughulika. Maabara hawakujua lolote. Robo saa nzima ilipita hivyo, wodi ikiwalaumu maabara kwa uzembe.

"Fundi! Jamani, Fundi yuko wapi?"

Fundi alikuwa anakuja mbio, ngazi ameiacha imeegemea ukuta wa masjala, viatu ameshika mkononi. Naam, Fundi ni mwanamke, na kama ulikuwa umeshamchora mwanamume kichwani mwako, mfute. Hata pale hospitali walichukua mwaka mzima kuzoea. Miaka sita alikuwa akihudumia mtandao wa majengo yale manne kwa mikataba ya miezi sita sita, kila mmoja ukiisha anaomba upya kama mtu aliyeingia jana. Jumatatu iliyokuwa inakuja alikuwa aketi mbele ya bodi ili apewe kazi ya kudumu. Barua ya kuitwa alikuwa ameikunja ndani ya mkoba, na usinicheke nikikwambia kwamba alikuwa anaitoa na kuisoma chooni.

Alifungua kabati la chuma mwisho wa ukumbi. Ndani yake kuna swichi ya mtandao, sanduku bapa lenye matundu arobaini na nane, kila tundu na waya wake, kila waya na chumba unakoishia. Sanduku lile Fundi alikuwa ameligawa mitaa, ndivyo mwenyewe alivyokuwa akisema: mtaa wa uhasibu, mtaa wa wageni, mtaa wa maabara na wodi. Kompyuta za mtaa mmoja zinazungumza zenyewe kwa zenyewe, za mtaa mwingine hazisikii hata kunong'ona. Alifanya hivyo baada ya mgeni mmoja kukaa kwenye benchi la mapokezi na, kwa simu yake tu, akafungua faili za wagonjwa. Kazi hiyo ilimla Jumapili tatu, na hakuna aliyemwambia hata ahsante.

Alichomeka kompyuta yake ndogo ili aiulize swichi imepatwa na nini. Watu walikuwa wameshajaa mgongoni mwake. Muuguzi mmoja alikuwa analia waziwazi. Hapo hapo simu ikaita. Alikuwa mumewe, mtunza stoo wa hospitali ile ile, ambaye kila mtu humwita Bwana Stoo.

"Nasikia mtandao umekufa," alisema. "Zima uwashe."

"Ngoja kwanza niangalie."

"Uangalie nini, na mtu anakata roho? Zima uwashe, mke wangu! Mengine baadaye!"

Kitu cha kwanza anachofundishwa fundi wa mitandao ni kunakili kumbukumbu ya swichi kabla ya kuizima, maana ikizimwa husahau yote ya siku hiyo na kurudia mpangilio uliohifadhiwa. Fundi alilijua hilo kuliko jina lake. Lakini muuguzi alikuwa analia, na mumewe alikuwa anamhimiza sikioni, mkono ukaenda wenyewe. Akazima, akawasha. Dakika nne baadaye maabara na wodi zilikuwa zinazungumza tena, wala hakuna ishara yoyote ya kilichotokea. Yule mama alipata damu akapona. Nalisema mapema watu wapumue.

*

Saa sita aliitwa ofisini kwa Daktari Mkuu. Viti vilikuwa vitatu. Kimoja cha Daktari Mkuu mwenyewe, cha pili cha ofisa utumishi, mama wa miwani asiyecheka ovyo, na cha tatu alikuwa amekikalia mwanamume wa tai nyekundu ambaye Fundi alikuwa amemwona mara mbili tatu akizunguka zunguka kwenye veranda na mkoba wa ngozi. Alikuwa na kampuni ya mitandao, na mwaka mzima alikuwa anaibembeleza hospitali impe kazi ile. Hakuna aliyemwambia Fundi aketi, basi akasimama.

"Huyu bwana alikuwa na miadi nami leo," Daktari Mkuu alisema. "Imekuwa bahati, atatusaidia kuelewa."

"Mimi ni mgeni tu," Tai Nyekundu alisema kwa sauti ya upole. "Nasikiliza."

"Haya, Fundi. Nini kilitokea?"

"Sijajua bado, Daktari. Niliizima swichi nikaiwasha, ikarudi."

"Hukunakili kumbukumbu?" Tai Nyekundu aliuliza.

Fundi alisema, "Sikunakili."

Yule bwana akaguna, akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba wa jirani.

"Neno la siri la kuingilia kwenye swichi analijua nani?" ofisa utumishi aliuliza, kalamu tayari.

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna mwingine."

Ofisa aliandika, na alipomaliza akapiga mstari chini ya alichoandika. Daktari Mkuu alisema mtu alikuwa karibu kufa. Alisema kikao kitakuwa Ijumaa saa tatu, na kwamba kama hakuna maelezo ya maana, basi ya bodi ya Jumatatu ayasahau na mkataba wenyewe uishie hapo. Kisha akanyoosha kiganja.

"Ufunguo wa kabati uache hapa."

Ufunguo ulikuwa kwenye kishikizo kimoja na wa nyumba na wa sanduku la binti yake aliye shule ya bweni. Fundi akahangaika nao, kucha ikavunjika, ufunguo hautoki. Watu watatu wanamtazama.

"Nikusaidie, dada?" Tai Nyekundu alisema, na tayari alikuwa ametoa kijisu cha dhahabu mfukoni.

"Ahsante, nimeweza," Fundi alisema, ingawa bado alikuwa hajaweza.

*

Lakini Fundi alikuwa na Kikongwe.

Kikongwe ilikuwa kompyuta kuukuu aliyoiokota kwenye marundo ya vitu vya kutupwa, akaisafisha, akaiweka chini ya meza yake, nayo ikawa inakoroma pale mchana na usiku. Kazi yake ilikuwa moja tu. Kila mtu anapoingia kwenye swichi na kubadilisha kitu, swichi inamwambia Kikongwe papo hapo, na Kikongwe anaandika. Swichi ikizimwa husahau. Kikongwe hasahau. Siku ile kwa kuchanganyikiwa Fundi hakuikumbuka mpaka saa tisa alasiri, alipoinama kuokota peni iliyomwanguka na mguu ukagusa kitu cha moto.

Akawasha kioo. Akarudi nyuma mpaka saa nne na dakika sita. Palikuwa na mistari mitatu tu. Wa kwanza ulisema mtu ameingia kwa jina la Fundi na neno lake la siri. Wa pili ulisema matundu yote ya maabara na wodi yamehamishiwa mtaa namba mia tisa, mtaa ambao haupo, hauna kompyuta nyingine wala njia ya kutokea. Wa tatu ulisema mtu huyo ametoka. Na mwisho wa kila mstari palikuwa na anwani ya kompyuta aliyokuwa akiitumia.

Fundi alikuwa na orodha ya anwani za kompyuta zote za hospitali, ameiandika kwa mkono wake. Akashusha kidole kwenye orodha. Kikasimama. Akasema moyoni, nimekosea mstari, akaanza upya kutoka juu. Kidole kikasimama pale pale. Mara ya tatu alitumia rula.

Stoo.

Stoo ile ina kompyuta moja na mtu mmoja. Fundi aliketi akitazama rula. Mumewe, ambaye akishindwa kufungua redio ya simu anamwita mkewe, leo alikuwa amejua kwamba dawa ya swichi ni kuzimwa haraka. Aliitoa wapi elimu hiyo? Na neno la siri? Lilikuwa ndani ya daftari dogo, na daftari lilikuwa nyumbani, kabatini, chini ya nguo zake za ndani, mahali ambapo hata mama mkwe hakuwahi kufungua. Akachapisha ukurasa mmoja, akaukunja, akautia kwenye mkoba, kando ya ile barua ya bodi.

*

Walikuwa wanaishi katika nyumba ya hospitali, vyumba viwili na sebule, iliyopakana ukuta na stoo. Nyumba ile ni ya mtunza stoo. Anayeshika kazi ndiye anayeshika nyumba. Fundi alifika saa kumi na mbili jioni. Mama mkwe alikuwa chumbani kwake, miguu imemvimba, anasikiliza redio. Bwana Stoo alikuwa sebuleni anakunywa chai.

"Pole na kazi, mke wangu. Nasikia wamekuita. Usijali, watasahau."

Fundi hakuvua hata viatu. Alifungua karatasi, akaitandaza mezani mbele ya kikombe.

"Nisomee hapa mwisho."

"Mimi na Kiingereza cha kompyuta wapi na wapi?"

"Ni namba. Namba unazijua. Hiyo ni kompyuta ya stoo, baba. Saa nne na dakika sita. Nani alikuwa stoo?"

Bwana Stoo alijaribu kucheka, kicheko kikagoma. Akajaribu kukasirika, "Unanishuku mimi, mumeo?" na hilo nalo likamfia mdomoni. Kisha akaweka kikombe chini na uso wote ukamporomoka.

"Aliniambia ni dakika tano tu," alisema. "Aliniambia hakuna atakayeumia. Alinitumia maneno ya kuandika, mistari mitatu, nikayanakili kama yalivyo. Akasema ukishazima na kuwasha, kila kitu kinafutika, hakuna atakayejua."

"Tai Nyekundu."

"Ndiye."

"Na daftari langu?"

Redio ya mama mkwe ilikuwa inatangaza bei za mazao.

"Nakuuliza daftari langu! Ulipekua nguo zangu?"

"Nilichukua usiku mmoja tu, nikarudisha."

"Umeingia kwa jina langu. Ulifikiri watamlaumu nani, mlinzi wa geti?"

"Alisema watasema mtandao ni mbovu. Mtandao, si wewe!" Aliinua macho, na ndani yake mlikuwa na kitu ambacho Fundi hakuwahi kukiona. "Unajua wananiitaje pale, wewe? Mume wa Fundi. Miaka kumi na minane natoa glavu na mashuka, leo mimi ni mume wa Fundi. Jumatatu ungepata cheo, ungenipita. Yule bwana aliniahidi kazi kwenye kampuni yake. Msimamizi wa ununuzi. Meza yangu, mlango wangu. Nikasema na mimi, mara moja, niwe mtu."

"Kwa hiyo uwe mtu kwa kunizika mimi."

"Sikufikiria hivyo."

"Kuna mama alikuwa anakufa, baba."

Hapo alilia. Alilia kweli, na Fundi, ambaye alikuwa amekuja na hasira ya kuvunja vyombo, akajikuta anamtazama tu. Mumewe alimpigia magoti. Alimsihi asimwanike mbele ya watu. Akasema atakwenda Ijumaa mwenyewe, atasimama kwenye kikao, atasema yote kwa mdomo wake.

"Nikisema mwenyewe huenda wakanipa onyo, nyumba tusiipoteze. Ukinisema wewe, nimekwisha, na mama atalala wapi? Niachie niseme mwenyewe. Naapa kwa mama yangu aliye humo ndani."

Mlango wa chumbani ulifunguka. Mama mkwe alikuwa amesimama anajishikiza kwa fremu, na ilikuwa wazi amesikia kila kitu.

"Mpe nafasi mwenzio, mwanangu," alimwambia Fundi. Mwanangu, ndivyo alivyomwita tangu siku ya kwanza. "Huyu akiapa kwa jina langu hajawahi kurudi nyuma. Mpe hiyo karatasi, akasome mwenyewe mbele yao. Mwanamume akikiri kwa mdomo wake inamponya."

Fundi alimtazama mama mkwe. Wengine wote wangesema hivyo asingewasikia. Mama yake mzazi alikufa Fundi akiwa mdogo. Aliyemfundisha kumbeba mtoto ni huyu, aliyemtetea pale mumewe alipokataa arudi chuoni ni huyu. Akaikunja karatasi, akamkabidhi mumewe.

"Hii ni moja," Bwana Stoo alisema, anaigeuza geuza. "Iko nyingine?"

"Yote iko kwenye Kikongwe, ile kompyuta iliyo chini ya meza yangu. Kwa nini?"

"Nauliza tu," alisema, akafuta machozi.

*

Ijumaa Bwana Stoo aliondoka mapema sana, kabla ya saa moja, akasema anakwenda kupanga maneno yake. Fundi alimtolea shati jeupe. Hata alimnyooshea kola.

Saa tatu kamili walikaa. Safari hii Fundi alipewa kiti. Tai Nyekundu naye alikuwepo, ameitwa kama mtaalamu wa kujitegemea, hebu ona. Daktari Mkuu alisoma shtaka, na Fundi akasema kwa heshima kwamba kabla hajajibu, kuna mtu ana jambo la kusema, naye ni mtunza stoo. Akamgeukia mumewe aliyekuwa ameketi kwenye benchi la mashahidi. Akamwashiria kwa kichwa kumpa moyo.

Bwana Stoo alisimama. Alikohoa.

"Mimi nimeitwa kama shahidi," alisema, "na kwa kweli ni vigumu kwangu, maana huyu ni mke wangu. Lakini kazi ni kazi. Mimi mambo ya swichi siyajui. Ninachojua ni kwamba mke wangu hana uangalifu na maneno ya siri. Anayaandika kwenye daftari, anayaacha ovyo. Nyumbani nimemwonya mara nyingi."

Fundi alisikia maneno, akayaelewa moja moja, lakini yakakataa kukaa pamoja. Alimwangalia mkono. Karatasi haikuwepo.

"Baba," alisema. "Karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani?"

Aliuliza bila kupepesa macho. Tai Nyekundu aliinama kufunga kamba ya kiatu. Na hapo, mbele ya watu wote, Fundi aliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa yake. Miaka kumi na mmoja alikuwa amelala ubavuni mwa mtu yule.

"Naomba twende ofisini kwangu," alimwambia ofisa utumishi. Sauti ilimtoka kavu. "Kuna kompyuta chini ya meza. Kila kitu kiko mle."

Walikwenda, ofisa mbele, Daktari Mkuu nyuma, na Bwana Stoo akabaki kwenye benchi lake. Fundi aliinama chini ya meza. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na vumbi, na katikati ya vumbi mstatili safi mahali Kikongwe alipokuwa ameketi miaka minne. Waya ulikuwa umechomolewa na kukunjwa vizuri.

"Dada," ofisa utumishi alisema, na kwa mara ya kwanza alikuwa na huruma, "kama hakuna kitu, sema tu hakuna."

Fundi alikuwa amepiga magoti, mikono sakafuni. Ndipo Daktari Mkuu akasema, "Hii je?" akaokota juu ya meza, chini ya kikombe cha peni, kijikaratasi cha kijani.

Hapa lazima uelewe mtu aliyetunza stoo miaka kumi na minane. Mtu huyo hawezi kuinua hata ndoo bila hati. Akihamisha kitanda, anaacha hati. Akihamisha ufagio, anaacha hati. Mkono umeshazoea, kichwa hakiulizwi. Anaweza kumwibia mkewe neno la siri, anaweza kumruka mbele ya kikao, lakini kubeba kifaa cha hospitali bila kuacha stakabadhi, hilo hawezi. Kijikaratasi kilisema: *Kompyuta moja, chakavu. Imechukuliwa stoo kusubiri kamati ya kuuza vitu vibovu. Ijumaa, saa moja na robo asubuhi.* Chini yake sahihi yake, na muhuri, umegongwa vizuri, hata haukuchafuka.

Ofisa utumishi alikisoma mara mbili, akashusha miwani.

"Leo?" alisema. "Saa moja na robo ya leo?"

Walikwenda stoo. Kikongwe alikuwa rafu ya tatu, na lebo ameshabandikwa. Hakuwa amevunjwa wala kufutwa, maana mtunza stoo haharibu kitu kabla ya kamati kukaa. Fundi alimwasha pale pale sakafuni, katikati ya mafurushi ya mashuka. Akawasomea mistari mitatu na anwani, kisha akageuza kompyuta ya mezani pa mumewe na kuwaonyesha namba ile ile, akawaambia na aliyemtuma. Daktari Mkuu alikwenda mlangoni, akamwita mlinzi, akamwambia amwambie yule bwana wa tai asiondoke. Lakini yule bwana alikuwa ameshaondoka, na Bwana Stoo alipompigia simu, mara nne, mbele ya watu wote, ilikuwa haipatikani.

*

Mpaka saa saba yote yalikuwa yamekwisha. Bwana Stoo alisimamishwa kazi, na nyumba iachwe wazi baada ya siku thelathini. Fundi alirudishiwa ufunguo wake wa kabati. Bodi ya Jumatatu ilikuwa pale pale. Ofisa utumishi alimshika mkono, akamwambia, "Pole, dada," na Fundi hakujua ni pole ya lipi.

Alifika nyumbani saa nane. Mumewe alikuwa bado kule hospitali anaandika maelezo yake. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, redio imezimwa. Nyumba imeshikana na stoo, habari zilikuwa zimefika kabla yake.

"Siku thelathini?" mama mkwe aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe?"

"Mimi wamenisafisha."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anaviringisha pindo la shuka kidoleni, analiachia, analiviringisha tena. Fundi aliketi kwenye kigoda, mahali alipokuwa akikaa kila jioni kumsugua miguu kwa mafuta. Alikuwa na hamu ya kuegemeza kichwa kwenye magoti yale alie kidogo, basi. Alikuwa hajalia bado.

"Aliapa kwa jina lako, mama. Mbele yetu sote. Na wewe ukasema hajawahi kurudi nyuma."

"Nilisema."

"Ametudanganya sote wawili."

Mama mkwe aliliachia pindo la shuka. Akatazama ukuta. Akatazama miguu yake. Na Fundi, ambaye kazi yake ni kutafuta mahali jambo lilipokatikia, akainua uso polepole.

"Mama?"

"Nilijua hatasema," mama mkwe alisema. "Nimemzaa mimi. Tangu mdogo, akiogopa ndipo anapoapa."

"Ulijua?"

"Wewe umesoma, mwanangu. Wangekufukuza, ungepata pengine. Yeye akifukuzwa hana pa kwenda. Na mimi na miguu hii, barabarani? Nikafikiri ukimpa ile karatasi, mambo yatakwisha. Tungebaki humu. Ningekutunza katika huzuni yako, ungesahau." Alinyoosha mkono kumgusa bega. "Tungekula wote sufuria moja kama kawaida, mwanangu."

Fundi alisogeza bega. Hakusogea mbali, ni kiasi tu cha mkono ule kubaki hewani. Kwa mumewe alikuwa hajatoa chozi, wala mbele ya kikao, wala chini ya meza alipoona vumbi tupu. Sasa yakamjia yote kwa pamoja, kwa sauti, mdomo wazi, kama anavyolia mtu aliyefiwa, na mwanamke mzee juu ya kitanda akaanza kulia naye.

"Nisamehe, mwanangu. Mwanangu, nisamehe."

"Usiniite hivyo," Fundi alisema.